Geini ya Amplifaya: Besi Safi kwenye Magari ya Kilwa na Pwani ya Lindi

Geini ni kile kitufe kidogo cha kuzungusha kwa bisibisi kilicho ubavuni mwa amplifaya ya gari, mara nyingi kikiwa kimeandikiwa volti, tuseme 6 upande mmoja na 0.2 upande wa pili. Kazi yake ni moja: kuilinganisha amplifaya na redio inayoipelekea muziki. Redio ya gari hutoa ishara kupitia waya za RCA, na ukubwa wa ishara hiyo hutofautiana. Ziko redio zinazotoa volti 2 zikifunguliwa mpaka mwisho, ziko za volti 4, na chache hufika 5. Amplifaya haijui imefungiwa redio ipi, ndiyo maana mtengenezaji huweka geini, ili fundi aipe taarifa hii: ishara kubwa kuliko zote itakayoingia ni ya volti kadhaa, ikifika hapo nguvu zote zitoke. Basi. Geini haiongezi hata wati moja juu ya zile amplifaya ilizoundwa nazo.

Kosa linaloharibu sabufa nyingi ni kuigeuza geini kuwa kitufe cha pili cha sauti. Mwenye gari anataka besi izidi, fundi anachukua bisibisi, anazungusha kulia, na kweli besi inapanda. Kilichobadilika ni kwamba amplifaya sasa inafika kileleni redio ikiwa imefunguliwa nusu tu. Nguvu iliyokuwa ikipatikana kwenye namba 30 ya redio sasa inapatikana kwenye namba 15, na kilele chenyewe hakijasogea. Dereva kwa mazoea yake ataendelea kuifungua redio mpaka 30, na safari yote hiyo kutoka 15 kwenda 30 ni ya kuunguza spika.

Katika wilaya ya Kilwa na mwambao wote wa Lindi jambo hili lina uzito wake. Magari mengi madogo yanayobeba abiria huko yalikuja kutoka Japani yakiwa yametumika. Redio zake za asili zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya Japani, yaliyoanzia megahezi 76 na kuishia 90, ilhali stesheni za Tanzania ziko kati ya 87.5 na 108. Redio ya namna hiyo inazikosa stesheni nyingi za nyumbani, kwa hiyo hung'olewa mapema na kuwekwa nyingine, na dashibodi ikishafunguliwa ndipo waya za amplifaya na boksi la sabufa zinapopitishwa. Pale Nangurukuru, njia panda wanaposhukia abiria wa mabasi ya Dar es Salaam wanaoelekea Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko, muziki mzuri ni sehemu ya kuvutia abiria kwenye Hiace, Noah na bajaji. Sabufa ikiungua huko, nyingine ya maana mara nyingi huagizwa Dar es Salaam, takriban kilomita 300 kwenda kaskazini. Kwa hiyo nusu saa ya kupanga geini kwa utulivu ni fedha halisi inayobaki mfukoni.

Ili ieleweke kwa nini geini iliyozidi inaua, sharti kwanza kutazama ndani ya amplifaya. Humo kuna chanzo cha umeme kinachopandisha volti 12 za betri kuwa volti nyingi zaidi, na hizo ndizo zinazoweka ukomo. Amplifaya yenye volti 40 upande wa chanya na 40 upande wa hasi haiwezi kutoa 41. Besi ikidai kupanda kupita hapo, kilele cha wimbi hukatwa na kubaki bapa. Wimbi la kawaida hupanda na kushuka kwa mviringo. Lililokatwa sana hukaribia umbo la mraba. Mraba huo unabeba nguvu maradufu ya wimbi la mviringo lenye kimo kile kile. Amplifaya ya wati 300 safi, ikiwa betri na chanzo chake cha umeme vinaimudu, inaweza kusukuma karibu wati 600 kwenye koili. Sikio halipati faida inayolingana na gharama hiyo. Nguvu zikiongezeka maradufu, sauti hupanda desibeli 3 tu, na ili mtu asikie kana kwamba muziki umekuwa mkubwa mara mbili, nguvu zinatakiwa ziongezeke karibu mara kumi.

Spika za leo zinafuata muundo uliotolewa na Wamarekani Chester Rice na Edward Kellogg mwaka 1925. Koili ya waya mwembamba imegundishwa nyuma ya koni na kuning'inizwa ndani ya mwanya finyu wa sumaku. Umeme wa muziki ukipita, koili husogea mbele na nyuma, koni husukuma hewa, na besi husikika. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya umeme unaoingia kwenye koili hugeuka joto; sauti ni kile kidogo kinachobaki. Koili hupoa kwa hewa inayopigwa na mwendo wa koni na kwa chuma cha sumaku kilichoizunguka. Wimbi lililokatwa huongeza joto bila kuongeza mwendo wa koni kwa kiasi hicho, na kila linapokaa bapa kileleni, umeme unaendelea kupita huku koili ikikaribia kusimama.

Fundi anayefungua sabufa iliyoungua hupokelewa na harufu ya vanishi iliyochomeka kabla hajaona kitu. Koili iliyokuwa na rangi ya shaba imekuwa ya kahawia iliyokolea au nyeusi kabisa, gundi imelegea, na mizunguko ya waya imetoka mahali pake na kuvimba mpaka inagusa chuma. Koni ikisukumwa taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili inakwaruza, au inakwama na kukataa kurudi. Mita ikiwekwa kwenye ncha zake, koili nzima ya omu 4 ingesoma kati ya 3 na 4. Iliyokatika haisomi chochote. Ile ambayo nyaya zake zimegusana husoma chini ya omu 1, na hiyo ndiyo hatari zaidi, kwa sababu mtu akiifunga tena kwenye amplifaya ili kujaribu, na amplifaya nayo inaweza kuungua.

Hapa inafaa kurekebisha imani moja iliyoenea kwa mafundi wengi, kwamba kukatwa kwa wimbi peke yake huua spika. Kinachoua ni joto linalozidi uwezo wa koili. Amplifaya ya wati 50 iliyofungwa kwenye sabufa ya wati 500 ikikatwa mawimbi itakoroma na kuchosha masikio, lakini haitachoma kitu. Amplifaya ya wati 500 iliyofungwa kwenye sabufa ya wati 300, geini ikiwa imefunguliwa yote, itaichoma hata kama wimbi ni safi. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi si mahali pa kuweka kitufe. Anatakiwa kwanza kujua amplifaya inatoa wati ngapi za kweli, na sabufa inahimili ngapi kwa muda mrefu.

Jibu la swali hilo mara chache limo kwenye maandishi makubwa ya juu ya kasha. Wati 1500 au 3000 zilizochapwa kwa rangi ya kung'aa ni za kilele cha kufumba na kufumbua, au ni za kubuni tu. Namba ya kufuata ni ile ya RMS, yaani nguvu ambazo kifaa hutoa au hupokea mfululizo. Mwaka 2003 chama cha watengenezaji wa vifaa vya kielektroniki cha Marekani kilitoa kipimo kinachoitwa CEA-2006, kinachotaka amplifaya ya gari ipimwe kwa volti 14.4, mzigo wa omu 4, na upotoshaji usiozidi asilimia 1. Amplifaya yenye alama hiyo inaweza kuaminiwa.

Isiyo nayo hukaguliwa kwa fyuzi. Tuchukue amplifaya yenye fyuzi mbili za ampia 25, jumla 50. Ampia 50 zikizidishwa kwa volti 13.8 za gari linalowaka zinatoa wati 690. Hizo ni wati zinazoweza kuingia. Amplifaya ya aina ya D hugeuza karibu asilimia 80 ya umeme kuwa muziki, kwa hiyo inaweza kutoa kama wati 550. Ya aina ya zamani ya AB hugeuza nusu na kidogo, hivyo itatoa kama 380. Kasha likisema 3000 na fyuzi zikisema 550, fyuzi ndizo za kusikilizwa.

Umeme wenyewe unaoifikia amplifaya ni suala linalodai uangalifu kuliko yote kwenye magari ya pwani. Betri nzima ya gari lililozimwa husoma volti 12.6; injini ikiwaka, altaneta huipandisha hadi kati ya 13.8 na 14.4. Amplifaya nyingi za bei ya kawaida hazina kidhibiti cha volti, kwa hiyo ukomo wake hupanda na kushuka pamoja na betri. Amplifaya inayotoa wati 500 kwa volti 14.4 itabaki na takriban 350 betri ikishuka hadi 12. Hii ina maana kwamba geini iliyopangwa vizuri injini ikiwa inawaka itakata mawimbi gari likizimwa pale ufukweni na muziki ukiachwa uendelee kwa sauti ile ile. Gari lililoegeshwa jioni kwa ajili ya muziki ama liwashwe, ama redio ipunguzwe.

Halafu ipo chumvi. Mwambao wa Kilwa na Lindi una hewa yenye unyevu na chumvi mwaka mzima, na kusi inapovuma hubeba rasharasha ya bahari mpaka kwenye magari yaliyoegeshwa barabarani. Waya wa ardhi wa amplifaya, ule mweusi unaofungwa kwenye bodi la gari, ndio unaoumia mwanzo. Bolti iliyofungwa juu ya rangi, au juu ya bati lenye kutu, hupunguza umeme kimyakimya. Kizuizi cha omu 0.02 ni kidogo mno na mita ya kawaida haiwezi kukionyesha, lakini ampia 45 zikipita hapo karibu volti 0.9 hupotea. Fundi makini hukwangua rangi mpaka bati liwe jeupe, hutumia bolti yenye washa ya meno, huikaza, kisha hupaka grisi juu yake ili unyevu usipenye. Pini za RCA nazo hushika utando wa kijani. Muziki huanza kukatika, mwenye gari hudhani amplifaya imechoka, naye huongeza geini. Siku pini zitakaposafishwa na ishara kurudi yote, geini ile itakuwa imezidi.

Waya mwekundu unaotoka kwenye betri unastahili uchunguzi wake. Madukani upo waya mnene wa kuvutia ambao ni alumini iliyofunikwa kwa shaba nyembamba. Unapitisha umeme kwa uwezo wa kama theluthi mbili tu ya shaba tupu yenye unene ule ule. Ukikwaruzwa kwa wembe hujulikana mara moja: shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani, na huo mwingine hugeuka mweupe. Kwa amplifaya ya wati 500, waya wa shaba wa milimita za mraba 21 unatosha gari la kawaida. Fyuzi kuu huwekwa karibu kabisa na betri, ndani ya sentimita 45, kwa sababu inalinda waya usiwake moto ukigusa bodi. Amplifaya ina fyuzi zake yenyewe.

Mabasi na baadhi ya Coaster za dizeli hutumia volti 24 kutoka betri mbili. Kuiibia amplifaya volti 12 kwenye betri moja kati ya hizo ni desturi mbaya: betri moja hunyonywa huku nyingine ikichajiwa kupita kiasi, na zote mbili hufa kabla ya wakati. Kinachotakiwa ni kibadilishi cha kushusha 24 hadi 12 chenye uwezo wa ampia zinazohitajika. Bajaji kwa upande wake ina betri ndogo na mfumo wa kuchaji uliokusudiwa taa, honi na kuwasha injini. Amplifaya ya wati mia moja hivi, ikipangwa vizuri, huifaa kuliko ya wati elfu inayokoroma.

Umeme ukishakuwa sawa, kupanga kwenyewe si kazi ngumu. Vinahitajika bisibisi ndogo, mita ya kawaida yenye kipimo cha volti za umeme wa AC, na mlio wa majaribio. Mlio huo ni faili la sauti moja isiyobadilika ya hezi 50, iliyorekodiwa kwa kimo cha juu kabisa, yaani desibeli 0. Hutengenezwa kwa programu ya bure kama Audacity, huhifadhiwa kwa muundo wa WAV na kuwekwa kwenye flashi. Hezi 50 ina faida yake hapa: ndiyo masafa ya umeme wa TANESCO, na mita za bei nafuu zimetengenezwa kupima umeme wa majumbani, kwa hiyo husoma mlio huo kwa usahihi kuliko mwingine wowote. Mlio usipigwe kutoka kwenye simu kwa bluetooth, maana simu ina sauti yake yenyewe itakayovuruga hesabu.

Kwanza hutafutwa volti inayolengwa. Idadi ya wati huzidishwa kwa omu za mzigo, kisha hutafutwa kipeuo cha pili cha jibu. Wati zinazotumika ni zile ndogo kati ya uwezo wa amplifaya na uhimilivu wa sabufa. Wati 300 kwenye omu 4 ni 1200, na kipeuo chake ni volti 34.6. Wati 500 kwenye omu 2 ni 1000, na kipeuo chake ni volti 31.6. Omu hutegemea jinsi koili zilivyofungwa. Sabufa yenye koili mbili za omu 4 huwa ya omu 2 zikifungwa sambamba, na ya omu 8 zikifungwa mfululizo. Kabla ya kuifunga iwe ya omu 1 sharti kuhakikisha amplifaya imeruhusiwa kufika huko, kwani nyingi hazikuruhusiwa.

Kisha waya za sabufa hung'olewa kwenye amplifaya, ili mlio usiitese koili wakati wa kupima. Geini hurudishwa mwanzo kabisa, upande wa volti nyingi. Kitufe cha kuongeza besi huwekwa sifuri, ekwalaiza ya redio hunyooshwa, kiwango cha sabufa ndani ya redio huwekwa katikati, na kile kitufe cha besi kinachoning'inia karibu na dereva, kama kipo, hufunguliwa chote. Kichujio cha sauti za chini huwekwa kwenye hezi 80, ili mlio wa 50 upite bila kupunguzwa. Injini huwashwa. Redio hufunguliwa robo tatu: yenye namba 40 huishia 30. Juu ya hapo redio nyingi huanza zenyewe kukata mawimbi, na ishara iliyokatwa kwenye redio haitengenezwi tena na kifaa chochote kilicho mbele yake.

Mlio hupigwa, ncha za mita hushikizwa kwenye matundu ya spika ya amplifaya, na geini huzungushwa polepole, kidogo kidogo, huku macho yakiwa kwenye mita. Mwanzoni inasoma volti 5 au 8. Ikigusa 34.6, bisibisi hutolewa. Mara nyingi kitufe kitakuwa kimesimama mahali pa chini kuliko mwenye gari alivyotarajia, pengine robo tu ya mzunguko wake, na hilo lisimtie shaka. Redio inayotoa volti 4 haihitaji kitufe kifunguliwe zaidi. Mlio huzimwa, redio hurudishwa chini, sabufa hufungwa, na muziki hupigwa. Penye osiloskopu kazi huwa nzuri zaidi, kwa kuwa wimbi linaonekana kwa macho linapoanza kuwa bapa, na geini hurudishwa nyuma kidogo kutoka hapo.

Kupanga kwa sikio peke yake, njia inayotumika sana, kuna udhaifu wake. Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio la binadamu ni zito sana kwa sauti za chini. Besi ya hezi 40 inabidi iwe na nguvu nyingi zaidi kuliko sauti ya hezi 1000 ili zisikike sawa. Uchafu unaozaliwa wimbi la hezi 50 linapokatwa hutua kwenye hezi 150 na 250, na huko ndiko ziliko ngoma na sauti za kiume ndani ya wimbo, kwa hiyo hujificha humo. Hadi sikio litambue kwamba sabufa inakoroma, koili imekwishapata moto wa kutosha.

Baada ya geini kupangwa, kitufe cha kuongeza besi kwenye amplifaya hakiguswi. Huu ni mtego wenye kuumiza kuliko geini yenyewe. Kitufe hicho mara nyingi huinua sauti za karibu hezi 45 kwa desibeli 12, na desibeli 12 ni nguvu mara 16. Amplifaya ya wati 300 ingelazimika kutoa wati 4,800 kwenye sauti hizo. Haiwezi, hivyo hukata mawimbi. Ikiwa besi inaonekana ndogo mbele ya spika za milango, spika za milango ndizo zipunguzwe. Mara nyingi dawa iko kwenye boksi lenyewe: lina mwanya unaovuja hewa, au mbao ni nyembamba na zinatetemeka, au sabufa imefungwa waya kinyume ikawa inavuta wakati spika za milango zinasukuma.

Muziki unaopigwa nao hubadili hesabu. Nyimbo za sasa za Bongo Fleva, singeli na amapiano hurekodiwa zikiwa zimejazwa mpaka juu, kiasi kwamba kimo chake hukaa karibu na desibeli 0 wimbo mzima. Amapiano ina ile ngoma ya chini inayoburuzwa kwa muda mrefu, na singeli hupiga kwa kasi ya mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, hivyo koili haipati pumziko. Kwa gari linalopiga muziki huo mlio wa desibeli 0 ndio unaofaa. Rekodi za dansi zilizofanywa na Redio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1970 zina tabia tofauti. Besi ya gitaa imekaa chini, na kilele hutokea mara chache. Mwenye kuzipenda hizo anaweza kupangiwa geini kwa mlio wa desibeli 5 chini ya kilele, akafikia volti ile ile, na akapata muziki ulioshiba bila madhara. Gari hilo likipigiwa amapiano, redio ipunguzwe. Zipo pia miksi za madijei zilizokwisha kukatwa mawimbi kabla hazijafika kwenye flashi. Hizo hukoroma hata geini ikiwa sahihi, na hakuna bisibisi itakayozitibu.

Safari ndefu ina jambo lake. Shaba ikipata joto, uwezo wake wa kuzuia umeme huongezeka kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Koili iliyotoka nyuzi 30 ikafika 180 inakuwa imeongeza zaidi ya nusu ya omu zake, na hivyo inapokea umeme mdogo na kutoa sauti ndogo. Dereva aliyetoka Lindi na besi nzito huiona imefifia akifika Somanga, naye huongeza sauti, na nyongeza hiyo huzidisha joto lile lile lililoififisha. Besi inayofifia kadiri safari inavyoendelea ni dalili ya koili iliyochoka kwa joto. Tiba yake ni kupunguza redio kwa muda koili ipoe, na kulipa boksi nafasi lisizibwe na mizigo. Mikeka, magunia na ndoo za samaki zilizorundikwa juu ya amplifaya huizuia nayo kupoa.

Anayekaa na besi hiyo kutwa nzima ni dereva. Taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, inaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8 za kazi, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo hukatwa nusu: desibeli 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa moja. Mlio unaobaki masikioni usiku baada ya kazi unaonyesha mpaka huo umevukwa. Tanzania nayo ina kanuni za mazingira za mwaka 2015 zinazoweka viwango vya kelele na mitetemo, na NEMC, taasisi ya taifa ya mazingira, ndiyo inayozisimamia.

Geini iliyopangwa huwekewa alama ya rangi ya kucha, mstari mmoja unaopita juu ya kitufe na kasha, ili ikisogezwa na muosha gari au mtoto ijulikane. Volti iliyosomwa na namba ya redio iliyotumika huandikwa kwenye utepe na kubandikwa chini ya amplifaya. Redio ikibadilishwa, sabufa ikibadilishwa, au koili zikifungwa upya kwa omu nyingine, kipimo hurudiwa tangu mwanzo. Pasipo mabadiliko hayo, pwani hii inatosha kukagua bolti ya ardhi na pini za RCA kila masika yakiisha, kuzikwangua, kuzipaka grisi upya, na kusoma volti za betri zinazoingia kwenye amplifaya injini ikiwa inawaka na besi ikiwa inapiga. Zikipungua zaidi ya nusu volti kutoka zile za kwenye betri, kuna waya au kiungo cha kushughulikia kabla ya kushika geini.